Ukivunja Kanuni, Weka Nyingine Mahali Pake

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa waandishi wa hadithi na riwaya. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu mliopo hapa, waandishi wenzangu, na ninyi wasomaji mliokuja kutusikiliza, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Swali mliloniletea ni fupi. Je, mwandishi wa hadithi azifuate kanuni za kawaida za uandishi, au asizifuate? Najua kila mtu humu ukumbini amekuja na jibu lake. Walimu wa lugha mnalo. Vijana mnaoandika usiku kwenye simu mnalo. Wahariri wenzangu nanyi mnalo, na limeandikwa kwa wino mwekundu pembeni mwa miswada ya watu. Majibu haya yamegombana miaka na miaka, kila upande ukiuona mwingine kuwa ndio unaoua fasihi.

Nimehariri kazi za watu kwa muda mrefu, na leo nina jambo moja tu la kuwaambia. Hakuna mwandishi asiyefuata kanuni. Hayupo. Ukimwona aliyeivunja kanuni ya shuleni na bado kazi yake inasomeka, inakushika, inakukosesha usingizi, ujue ameweka kanuni nyingine mahali pa ile aliyoiondoa, na hiyo mpya anaitii kwa ukali kuliko mwalimu yeyote. Anayeondoa bila kuweka humwacha msomaji gizani, kisha humlaumu kwa kutoona.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, "Nifuate kanuni au nisifuate?" mimi humrudishia maswali. Kanuni ipi? Imetoka wapi? Inamsaidia nani? Na ukiiondoa, msomaji atashika nini?

Tuanze na hilo la imetoka wapi.

Mwaka 1917 kijana wa miaka 18 aliajiriwa na gazeti la Kansas City Star huko Marekani. Jina lake Ernest Hemingway. Gazeti lile lilikuwa na karatasi ya maelekezo waliyopewa waandishi wake, na maelekezo ya mwanzo kabisa yalikuwa haya: tumia sentensi fupi, aya ya kwanza iwe fupi, lugha iwe na nguvu. Hemingway alikaa pale miezi michache tu, lakini baadaye alisema hizo ndizo kanuni bora alizowahi kujifunza katika kazi ya kuandika. Tunajua alizifikisha wapi. Mwaka 1954 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Sasa angalieni safari ya kanuni hiyo. Ilizaliwa katika chumba cha habari, kwa ajili ya msomaji mwenye haraka, kwenye safu nyembamba za gazeti. Ikaingia kwenye riwaya za mtu mmoja mwenye kipaji kikubwa, ikamfaa. Kisha ikatoka mkononi mwake ikaenda kwenye madarasa ya uandishi, ikatoka huko ikaenea duniani kote, mpaka leo kijana anayeandika kwa Kiswahili anaambiwa kwamba sentensi ndefu ni kosa. Kosa kwa nani? Msimulizi wa Kiswahili anaweza kuanza na kitenzi kimoja, akaunganisha cha pili, akaongeza cha tatu, akakuzungusha, akakurudisha, wala usichoke, kwa sababu lugha yenyewe imempa nyenzo za kufanya hivyo. Kanuni ya gazeti inafaa gazetini. Kwenye riwaya ni ushauri, na ushauri huchujwa.

Kuna mwingine, Elmore Leonard, mwandishi wa riwaya za uhalifu. Mwaka 2001 alichapisha kanuni zake kumi katika gazeti la New York Times. Ya kwanza ilikataza kuanza kitabu kwa kueleza hali ya hewa. Kanuni hizo zimesambaa kila kona, nanyi mmeshaziona. Kinachoachwa nyuma kila zinaposambazwa ni kwamba Leonard mwenyewe aliweka ruhusa ndani yake. Palepale kwenye kanuni ya hali ya hewa alimtaja kwa jina mwandishi anayeweza kuieleza theluji na barafu kwa namna nyingi, akasema huyo na aandike kuhusu hewa kadiri apendavyo. Aliyeitunga kanuni aliacha mlango wazi. Waliokuja baada yake wakaufunga.

Ndugu zangu, kanuni ikikatwa kutoka mahali ilikozaliwa hugeuka kuwa amri isiyo na sababu. Na amri isiyo na sababu mwandishi hawezi kuitii vizuri, wala kuivunja vizuri.

Twende Ufaransa, mwaka 1637. Pierre Corneille anaonyesha tamthilia yake Le Cid mjini Paris. Enzi hizo wajuzi walishikilia kanuni tatu walizosema wamezirithi kwa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale: tukio liwe moja, mahali pawe pamoja, muda usizidi siku moja. Ukimsoma Aristotle mwenyewe utaona alisisitiza umoja wa tukio. Muda aliugusia kwa kupita tu, na kanuni ya mahali hakuiweka. Lakini kanuni ikishavishwa jina la mkubwa, nani atathubutu kuuliza imetoka wapi?

Basi Corneille akajitahidi kutii. Ndani ya siku moja akabana ugomvi wa wazee wawili, kijana kumuua baba wa mchumba wake kwa upanga, jeshi kuvamia usiku na kijana yuleyule kulishinda, kesi mbele ya mfalme, na pambano jingine la panga. Na yule binti, Chimène, aliyeianza siku akiwa na baba, anaimaliza akiambiwa kwamba mume wake atakuwa aliyemuua baba huyo, japo mfalme anampa mwaka mzima wa kusubiri.

Watazamaji waliipenda tamthilia ile mno. Wajuzi wakakasirika. Mwandishi mwenzake, Georges de Scudéry, akaandika kuishambulia, ugomvi ukakua, hata Académie française, baraza la wasomi wa lugha ya Kifaransa lililoanzishwa mwaka 1635, likatakiwa kutoa hukumu. Miongoni mwa lawama zilizotolewa kulikuwa na hizi mbili: mambo yamerundikwa mno kwa siku moja, na si jambo la kusadikika kwamba binti mwenye heshima zake akubali kuolewa na aliyemuua baba yake.

Mmezisikia zilivyoshikana? Lawama ya pili imezaliwa na utii wa kanuni. Huzuni ya Chimène ilihitaji miezi, nayo ikapewa saa 24. Mwandishi aliibana hadithi ili ienee ndani ya kanuni, kisha wenye kanuni wakamlaumu kwa kuibana. Nakitaja kisa hiki kwa sababu naona jambo hilohilo kwenye miswada ya leo. Mtu ameambiwa hadithi fupi lazima iwe na tukio moja, mhusika abadilike mwishoni, mgogoro uonekane ukurasa wa kwanza, basi anaikata hadithi yake miguu ili itoshe. Ananiletea kitu kisicho na kosa hata moja wala uhai hata kidogo.

Sasa nije nyumbani, kwenye lugha yetu, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi.

Sarufi inatufundisha hivi: ukisimulia jambo lililopita, kitenzi cha kwanza kitie -li-, kisha endelea na -ka-. Alifika, akabisha, akasubiri, akaondoka. Sikilizeni jinsi matendo yalivyoshikana mikono. Kuna mtu anatusimulia, anatupeleka kutoka tendo hili hadi lile, nasi tunamfuata bila wasiwasi.

Sasa sikilizeni hii. Alifika. Alibisha. Alisubiri. Aliondoka.

Matendo ni yaleyale manne, na mtendaji ni yuleyule. Lakini kila tendo limebaki peke yake, halina ndugu. Unamsikia shahidi mahakamani, anayeogopa kusema hata neno moja zaidi ya aliloulizwa. Au unamsikia mtu aliyefiwa, ambaye bado hawezi kuiunganisha saa moja na saa inayofuata.

Kuna binti mmoja aliniletea hadithi ya namna hiyo. Mama anasimulia usiku ambao mwanawe wa pekee aliondoka nyumbani asirudi tena. Hadithi nzima ilikuwa -li- mwanzo mwisho. Niliamka. Niliwasha taa. Kitanda kilikuwa kitupu. Nilikaa. Kabla haijanifikia mimi, aliipitisha kwa msomaji mwingine, mtu makini mwenye sarufi safi, naye akazigeuza -li- zile kuwa -ka- palipostahili. Binti akaniletea nakala zote mbili, bila kuniambia nisome ipi. Nikasoma zote. Ile iliyosahihishwa ilitiririka kama maji. Kila sentensi ilisimama mahali pake. Na mama alikuwa ametoweka! Yule mama aliyekuwa akitafuta namna ya kuvuka kutoka sentensi hadi sentensi, hayupo tena, amebaki msimulizi hodari wa hadithi ya mtu mwingine.

Lakini sikilizeni alichokifanya binti yule mwishoni mwa nakala yake ya kwanza. Baada ya kurasa zote zile za -li-, sentensi ya mwisho ilisema: "Nilifunga mlango, nikalia."

Hiyo ilikuwa -ka- ya kwanza katika hadithi nzima. Ya kwanza na ya pekee. Kwa mara ya kwanza tangu usiku ule tendo moja lilizaa jingine, na machozi yakapata njia. Katika ile nakala iliyosahihishwa sentensi hiyohiyo ilikuwepo, neno kwa neno, na haikumgusa mtu, kwa kuwa -ka- zilikuwa zimejaa kila mahali.

Mnaona ninachokisema? Binti huyu aliivunja kanuni ya sarufi, lakini hakuivunja ovyo. Aliweka yake: katika hadithi hii hakuna -ka- mpaka mama atakapoweza kulia. Kisha akaitii kanuni hiyo kwenye kila mstari, bila kuteleza. Angeteleza mara mbili tu katikati, sentensi ya mwisho isingekuwa na nguvu yoyote.

Niwape mfano mwingine wa karibu. Tunajua kwamba mtu, hata jina lake likianza na ki-, huchukua upatanisho wa watu. Kijana amefika. Kiziwi ameketi. Hiyo ndiyo kanuni. Na tunajua pia kwamba ukitaka kumdunisha mtu, unamwondoa kwenye ngeli ya watu: kizee kile kilipita, kikakohoa, kikaenda zake. Sasa chukua msimulizi ambaye kwa sura tano anamwita jirani yake hivyo. Kizee kile kilikohoa. Kizee kile kilichungulia. Halafu katika sura ya sita, bila maelezo, bila msimulizi kutangaza kwamba moyo wake umegeuka, unasoma: "Mzee yule alikohoa." Kiambishi tu kimebadilika, na msomaji wa Kiswahili tayari ameelewa kwamba kitu kimetokea ndani ya huyu msimulizi. Kanuni ya upatanisho imegeuka kuwa kipimo cha utu. Lakini ili kipimo hicho kifanye kazi, kanuni lazima iwe hai kichwani mwa msomaji. Mwandishi ambaye upatanisho wake unayumba tangu ukurasa wa kwanza hawezi kukitumia, kwa sababu msomaji atadhani ni kosa jingine tu.

Na mazungumzo ya wahusika je? "Mama kaingia, kakaa, hajasema neno." Watu ndivyo wanavyosema. Kwenye insha mwalimu angeandika hapo "ameingia, amekaa", na kwenye insha angekuwa na haki. Lakini riwaya ambayo baba, mtoto, mwizi na hakimu wote wanasema kama kitabu cha sarufi ina msemaji mmoja tu aliyevaa majina manne. Hapo sitaki mabishano marefu. Mpe kila mtu kinywa chake, basi.

Tutoke kwenye viambishi twende kwenye alama za uakifishaji, maana huko nako kuna vita.

José Saramago wa Ureno alichapisha riwaya yake Levantado do Chão mwaka 1980. Ni hadithi ya vibarua wa mashambani wa Alentejo, watu ambao alikaa nao, akasikiliza wanavyosimulia maisha yao. Alianza kuiandika kwa utaratibu wa kawaida, mazungumzo yakiwa yametengwa kama tulivyozoea. Mwenyewe alieleza kwamba baada ya kurasa kadhaa, bila kupanga, alijikuta anaandika kwa namna nyingine, sauti za watu zikiingia ndani ya simulizi bila alama za kuzitenga, kama ambavyo vibarua wale walimsimulia. Kisha akafanya jambo ambalo nataka mlikumbuke: alirudi mwanzo, akaziandika upya zile kurasa za kwanza ili zilingane na mpya. Akaendelea na mtindo huo katika riwaya zilizofuata, na mwaka 1998 akapewa Nobel.

Kwa nini alirudi mwanzo? Kwa sababu alitambua kwamba amepata kanuni, na kanuni inaanza ukurasa wa kwanza. Watu husema Saramago alitupa alama za uakifishaji. Hapana, aliziacha chache na kuzipa kazi nzito. Msemaji anapobadilika anaweka koma, kisha herufi kubwa. Hebu niisome kwa sentensi yangu mwenyewe: "Umerudi, Nimerudi, Na mtoto, Mtoto amelala, basi wakakaa kimya mpaka taa ikaishiwa mafuta." Koma na herufi kubwa, amesema mwingine. Koma na herufi ndogo, tumerudi kwa msimulizi. Ukishasoma kurasa chache jicho limezoea, na tangu hapo huulizi tena nani anasema. Amekufundisha kusoma kitabu chake, kisha hakukubadilishia utaratibu katikati ya njia.

Linganisha na miswada ninayopokea mara nyingi, ambamo alama za mtajo zimo ukurasa wa tatu, hazimo ukurasa wa nne, zinarudi wa tano zikiwa nusu. Nikiuliza naambiwa, "Huo ni mtindo wangu." Ndugu yangu, mtindo ni uamuzi. Niambie umeamua nini kuhusu ukurasa wa nne.

Fasihi yetu ya Kiswahili imepitia mabishano haya, na iliyapitia kwa joto kali upande wa ushairi. Mwaka 1954 mshairi Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, akazipanga kwa maandishi kanuni za vina, mizani, mishororo na beti ambazo washairi walikuwa wakizijua kwa sikio na kwa kurithishana. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Tanzania, akatoa Kichomi, diwani yenye mashairi yasiyo na vina wala mizani ya kawaida. Yakazuka maneno! Je, haya ni mashairi? Wanamapokeo, walioshikilia vina na mizani, wakasema hapana. Wanamabadiliko wakasema ndiyo, na kwamba vina na mizani ni mavazi tu. Mabishano yale yaliendelea kwa miaka mingi.

Mimi nasoma pande zote mbili, na naziheshimu zote mbili. Anayedai kwamba vina na mizani vinaua ubunifu hajajaribu kutunga. Mizani 16 katika mshororo, minane huku na minane huku, hukulazimisha kulitupa neno la kwanza lililokujia na kutafuta jingine, na mara nyingi hilo la pili ndilo lenye fikra. Georges Perec wa Ufaransa alijifunga kamba kali zaidi. Mwaka 1969 alichapisha riwaya nzima, La Disparition, isiyo na herufi e, herufi inayotumika kuliko zote katika Kifaransa. Hadithi yenyewe ni ya watu wanaotafuta kilichopotea bila kuweza kukitaja, na kanuni ndiyo iliyomletea hadithi hiyo. Nani atasema mtu huyu alibanwa?

Lakini Kezilahabi naye alikuwa na haki. Mtazameni upande wa riwaya. Alianza na Rosa Mistika, mwaka 1971, riwaya inayokwenda kwa mpangilio tuliouzoea, familia, kijiji, shule, matukio yakifuatana. Karibu miaka 20 baadaye akatoa Nagona, 1990, na Mzingile, 1991, vitabu vyembamba vinavyokwenda kama ndoto, ambamo wakati haunyooki na msimulizi yuko safarini kutafuta jambo ambalo kila akilikaribia linabadilika. Wasomaji wengi walilalamika kwamba havieleweki, na malalamiko hayo siyadharau, kwa sababu vitabu vile vinadai kazi kubwa. Ila ukivisoma mara ya pili unaona taswira zinazojirudia, unaona safari inayoshikilia yote, unaona kwamba ndoto ile ina utaratibu wake. Swali alilokuwa nalo mwandishi, la ukweli ni nini na nani anao, lisingeenea katika umbo la Rosa Mistika. Aliiacha kanuni ya zamani pale ilipomwishia. Hakuiacha kwa kiburi, maana alikwisha kuonyesha kwamba anaiweza.

Hapo najua kuna mtu anajisemea moyoni: basi ushauri ni ule wa siku zote, jifunze kanuni kwanza, ndipo uzivunje. Ni ushauri mzuri na mimi huutoa. Lakini haukamiliki, na sababu yake ni Amos Tutuola.

Tutuola wa Nigeria alisoma shule miaka michache tu. Mwaka 1952 kampuni ya Faber and Faber ya London ilichapisha riwaya yake The Palm-Wine Drinkard, safari ya mtu anayemfuata mgema wake hadi mji wa wafu. Kiingereza chake hakikuwa cha darasani. Mshairi Dylan Thomas aliisifia kwa furaha kubwa. Lakini baadhi ya wasomi wa Nigeria waliona aibu, wakahofu dunia itadhani hawajui Kiingereza. Leo kitabu kile kinahesabiwa miongoni mwa kazi za mwanzo na za muhimu za riwaya ya Afrika kwa Kiingereza.

Je, Tutuola alizijua kanuni kabla ya kuzivunja? Zile za sarufi ya Kiingereza hakuwa amezimudu zote. Ila alikuwa na kanuni nyingine ambazo wakosoaji wake hawakuzitazama, kanuni za hadithi simulizi za Kiyoruba: safari inayosukumwa na jaribu baada ya jaribu, ajabu inayosimuliwa kwa utulivu bila kuombewa radhi, marudio yanayomweka msikilizaji njiani. Hizo alizijua tangu utotoni, na hakuzivunja. Kwa hiyo, vijana wangu, asiwaambie mtu kwamba kanuni ni zile tu zilizo kwenye kitabu cha shule. Ninyi mliokua mkisikiliza hadithi usiku mna elimu ya usimulizi ambayo hakuna cheti chake. Itumieni. Lakini msiufanye mfano wa Tutuola kuwa ruhusa ya uvivu. Anayekosea tahajia kwa sababu hakurudia kusoma kazi yake hana Kiyoruba nyuma yake wala chochote. Amechoka tu, na akimaliza kupumzika arudi asahihishe.

Niseme sasa kwa vitendo, maana wengi wenu mna miswada mezani.

Kwanza, wahariri wenzangu. Kabla hamjakata, ulizeni. Mkiona jambo lisilo la kawaida likijirudia kwa mpangilio, weka kalamu chini, mwulize mwandishi alikusudia nini. Likijitokeza mara moja tu, huenda ni kuteleza. Likijitokeza kila mahali linapopaswa kujitokeza, hiyo ni kanuni yake, na kazi yako sasa ni kumsaidia aitii. Ukimkuta ameisahau katika sura ya tisa, mwonyeshe. Huo ndio uhariri ambao mwandishi haupati kwa mtu mwingine.

Kisha ninyi waandishi. Kila mnapoanza riwaya, chukueni karatasi moja mwandike kanuni za kitabu hicho. Za kitabu hicho tu, si za fasihi nzima. Mazungumzo yataonyeshwaje? Nani anasimulia, na anajua mambo ya watu wengine kwa kiasi gani? Mhusika yupi anasema kimjini, yupi anasema kama wazee? Usimulizi unatumia wakati gani, na ukibadilika, unabadilika kwa sababu gani? Mkishindwa kuandika sababu, rudini kwenye kanuni ya kawaida. Kanuni ya kawaida haina aibu yoyote. Ina wema wake mkubwa: msomaji anaijua tayari, kwa hiyo haimgharimu kitu, na nguvu zake zote zinabaki kwa wahusika wako. Hadithi nyingi nzuri duniani zimeandikwa hivyo, nukta mahali pake, alama mahali pake, na hakuna aliyeziona za kizamani.

Na mkiwa na sababu, msiogope. Mwambatanishie mhariri karatasi hiyo pamoja na mswada. Akikataa, jadilianeni sentensi kwa sentensi. Msikubali kubadilisha kwa kuwa "watu hawajazoea", wala msikatae kubadilisha kwa kuwa "ni mtindo wangu". Sababu zote mbili hazitoshi. Someni sentensi kwa sauti, namna zote mbili, mbele ya mtu wa tatu asiyejua ipi ni ya nani, kisha mwulizeni alisikia nini.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha na hilo la mwisho ni bora tulifanye kuliko kulisema. Waliokuja na kurasa zao naomba wazitoe. Tuchukue aya moja moja, tuisome kama ilivyo, kisha tuisome ilivyosahihishwa. Nani anaanza?